Aliyekaa Juu ya Tairi la Kushoto

Kabla sijaanza niseme wazi: mimi nina hasira. Ni Mhehe wa Ilula, ufundi nimejifunzia Ipogolo pale Iringa, na hapa Uyole nina miaka ishirini na mbili nikilala chini ya magari ya watu. Majirani zangu wa gereji wamenizoea. Wakiona nimetupa spana wanaambizana, "Mwacheni Obeid, atapoa." Na kweli napoa. Lakini Ijumaa ile, kwenye mteremko wa kutoka Isyonje, hasira ziliniisha mara moja, nikabaki na mdomo unaorudia asante Mungu, asante Mungu. Mpaka leo nikiikumbuka siku hiyo napumua kwa nguvu.

Ninayetaka kumsimulia ni Mama Gloria. Mimi nimeingia humu kwa sababu ya makosa yangu, na nitayasema yote, maana nisipoyasema mimi atayasema mke wangu.

Mama Gloria jina lake ni Eveline. Ni Mnyakyusa, mama mfupi wa miaka thelathini na tano hivi. Haongei sana, lakini akiongea unajuta kwa nini hukumsikiliza toka mwanzo. Aliolewa na Jofrey, mtoto wa pekee wa Mzee Lusekelo, kule juu Isyonje kwenye baridi na viazi. Jofrey alikuwa rafiki yangu. Alinunua pikapu ya buluu ambayo hata siku anainunua ilikuwa imeshazeeka, akaipenda kama watu wanavyopenda ng'ombe wao, akawa anaiosha kila Jumapili baada ya ibada. Miaka miwili iliyopita aliugua wiki mbili tu, akafariki. Akamwachia mkewe mtoto mmoja, shamba la viazi na hiyo pikapu.

Eveline hajui kuendesha. Mzee Lusekelo aliendesha malori ujanani, akarudi kushika usukani uzeeni, na kila Jumanne na Ijumaa wanateremsha viazi mpaka sokoni Uyole. Kwa viazi hivyo Gloria anasoma, mzee anakula, nyumba inasimama. Bila pikapu, Eveline angebaki shambani kumsubiri dalali aje na lumbesa yake, gunia limejazwa mpaka limeota kichwa, halafu amwambie hilo ni gunia moja. Anayelima viazi anaelewa ninachosema. Gari likiuzwa, na biashara yake imekwisha.

Sasa kuna jambo ambalo mgeni halielewi haraka. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawaangaliani usoni, hawakai chumba kimoja, na mkamwana halitamki jina la mkwe wake. Ni heshima, tena heshima nzito. Siku hizi wengi wameacha; ukienda harusi za mjini unakuta mkamwana na mkwe wake wanapiga picha pamoja wanacheka. Mzee Lusekelo hakuacha. Ni mzee wa kanisa, ana simu mbili, habari za dunia anazijua kuliko mimi, lakini suala la mkwe alilishika kama alivyolikuta kwa baba yake. Na Eveline naye alilelewa hivyo hivyo, hakuona ajabu.

Kwa hiyo safari zao zilikuwa hivi. Asubuhi Eveline anapakia magunia na vibarua, kisha anapanda nyuma, anakaa juu ya gunia upande wa kushoto, kitenge kichwani, uso ameuelekeza barabara inakotoka. Ndipo mzee anatoka ndani, anakohoa ili ajulikane anakuja, anatembea akiangalia chini mpaka kwenye kabini. Kioo cha nyuma cha kabini alikibandika kalenda ya kanisa, asije akamwona mkwewe kwa bahati mbaya kwenye kioo cha dereva. Eveline anagonga bodi mara moja kwa kiganja, maana yake nimekaa, twende. Miaka miwili wanaendesha biashara pamoja kwa kugonga mara moja tu.

Kelele zilianza wakati wa masika. Mzee akaniletea pikapu, akaniambia, "Fundi, inaunguruma. Naisikia hapa miguuni, karibu na gia."

Nikaichukua peke yangu, tupu, nikaipeleka barabara kuu ya kwenda Igawa mpaka Inyala na kurudi. Nikasikia kweli, mngurumo kwa mbali, na nikianza kuondoka kuna kitu kinagonga, ta! Nikaingia chini, nikashika propela, ule mti wa chuma unaopeleka nguvu za injini nyuma. Krosi ya mbele, kile kiungio chake, ilikuwa inacheza. Nikabadilisha. Nikamwambia mzee, imekwisha hiyo.

Baada ya wiki mbili karudi. "Fundi, bado."

Nikafungua giaboksi. Nikakuta oili nyeusi kama uji wa ulezi ulioungua, nikaimwaga, nikaweka mpya, nikabadilisha na mpira unaobeba giaboksi. Nikaijaribu tena, tupu, mpaka Inyala. Nikaona afadhali. Afadhali! Fundi akianza kusema afadhali, ujue hajui ugonjwa.

Akarudi mara ya tatu. Siku hiyo nilikuwa na magari manne, na mwenye gari mmoja alikuwa amenisemea maneno mabaya toka asubuhi. Nikatupa spana. Nikamwambia, "Mzee wangu, shikamoo yako naiheshimu, lakini gari hili limechoka. Hata binadamu anachoka. Uza." Na si kwamba nilisema tu. Nilipiga simu pale pale kwa Sifaeli, mwenzangu niliyejifunza naye ufundi, ambaye sasa ana yadi Ipogolo ya kununua magari mabovu na kuyauza vipande vipande. Sifaeli akasema atakuja Jumamosi na lori la kulibeba. Mzee akainamisha kichwa, akasema sawa, kama fundi umesema.

Nilijua ile ni gari ya Jofrey. Nilijua nani anakula kwayo. Nikasema uza, kwa sababu nilikuwa nimeshindwa na sikutaka mtu ajue nimeshindwa.

Jumatano Eveline akaja gereji. Alishuka kwenye gari la abiria, akasimama pembeni ya shimo langu la kazi mpaka nikatoka.

"Habari za kazi, fundi."

"Nzuri, Mama Gloria. Karibu. Kwema?"

"Si kwema. Nimesikia umemwambia mkwe wangu auze gari."

"Mama, gari limezeeka."

"Lilikuwa limezeeka hata siku Jofrey anakuletea. Ulilitengeneza." Akakunja mikono. "Fundi, kelele haziko mbele. Ziko nyuma, kwangu ninapokaa. Chini ya mguu huu."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamweleza kwa sauti ya mwalimu kwamba kelele za gari zinasafiri kwenye chuma, unaweza kuzisikia nyuma kumbe ziko mbele, na kwamba mimi nimeiendesha pikapu mwenyewe mara mbili mpaka Inyala.

"Umeiendesha na mzigo?"

"Hapana."

"Umekaa nyuma?"

"Mama, fundi hakai nyuma. Fundi anakaa kwenye usukani."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema. Hakucheka. "Keshokutwa Ijumaa tunashusha viazi. Njoo Isyonje asubuhi, panda na mimi nyuma mpaka Uyole. Usiposikia kitu, nitanyamaza, na Jumamosi mlibebe. Ukisikia, utamwambia mkwe wangu wewe mwenyewe. Mimi nilimtuma Gloria akamwambie, akajibiwa mama aache hofu. Na mimi siwezi kwenda kusimama mbele yake."

Nilitaka kukataa. Mke wangu, Severina, alikuwa ameniletea chakula, amesimama pale anasikiliza yote. Akasema, "Atakuja." Basi, ikawa nimekubali.

Ijumaa nikapanda gari la abiria alfajiri, nikafika Isyonje ukungu haujaondoka. Magunia kumi na mawili yalikuwa yameshapakiwa, pikapu imekaa nyuma kama kuku anayeatamia. Hapo tu nilipaswa kuelewa. Gari tupu na gari lililolemewa ni magari mawili tofauti, na mimi kwa miezi yote hiyo nilikuwa nampima mgonjwa ambaye siye. Lakini nilikuwa bado nimenuna kwa sababu ya baridi. Nikapanda, nikakaa upande wa kulia. Eveline upande wake wa kushoto. Mzee akakohoa, akaja akiangalia chini, akanisalimia bila kugeuza shingo upande ule.

"Fundi, umeamua kusafiri na viazi?"

"Nimeamua, mzee. Mteremkoni uende taratibu."

Eveline akagonga bodi. Tukaondoka.

Tulipokuwa tunapanda kilima cha kwanza sikusikia kitu. Nikamwangalia kwa jicho la unaona? Akasema, "Ngoja." Tulipovuka kileleni, mzee akaachia mafuta, gari likaanza kuteremka lenyewe, na hapo nikasikia. Vuuuuu. Mngurumo mzito, wa chini, unapanda na mwendo. Kona ya kulia ikaja, mzigo ukaegemea kushoto, mngurumo ukageuka kuwa wa kusaga, krrrr, krrrr. Kona ya kushoto, ukapungua. Kulia tena, krrrr.

"Hamia huku," Eveline akaniambia. "Weka mkono hapa."

Nikasogea, nikaweka kiganja kwenye bodi pale alipokuwa ameweka mguu wake. Palikuwa panatetemeka kama mzinga wa nyuki. Na palikuwa na joto.

"Umeanza kusikia lini?"

"Kutetemeka, tangu masika. Kusaga, sasa ni miezi miwili. Joto, wiki hii. Nilijua pakiwa na mzigo na kona ya kulia ndipo inalia. Kule mbele mkwe wangu anasikia mwangwi tu."

Nikakiacha kiganja pale pale. Ile ilikuwa beringi ya tairi la nyuma kushoto, na beringi ile niliiweka mimi, kwa mkono wangu, miezi michache kabla Jofrey hajafariki. Kwenye aina ile ya gari, beringi inabanwa na ringi ya chuma kwenye shafti, ule mti unaozungusha tairi. Ringi hiyo ukiitoa haifai tena, unaweka mpya. Siku ile madukani Mwanjelwa ilikuwa haipatikani, Jofrey alikuwa ana haraka na mzigo, nikairudisha ile ya zamani kwa kuipasha moto na kuipiga nyundo. Nikamwambia itavumilia wiki moja, ikipatikana mpya urudi. Halafu akaugua, na mimi nikasahau. Au nilijisahaulisha. Mara tatu mzee aliponiletea gari nilikagua kila kitu isipokuwa tairi lile, kwa sababu moyoni nilishajiambia kwamba pale nimetengeneza mimi, pale pazima.

Na ringi ile ikiachia, hakuna kingine cha kushika. Shafti inatoka nje na tairi lake. Juu ya tairi hilo, mara mbili kwa wiki, miaka miwili, alikuwa amekaa mjane wa rafiki yangu.

Nikasimama, nikashika ukingo wa bodi, nikachungulia nje. Loh! Tairi lilikuwa limetoka nje ya bodi vidole vitatu. Nikiwa naangalia likaongezeka cha nne. Harufu ya grisi inayoungua ikanipiga usoni. Mbele yetu kulikuwa na kona ya kulia, na upande wa kushoto wa kona hiyo hakuna kitu, kuna miti tu chini kabisa na mto.

Nilitaka kupiga kelele. Mimi, Obeid, ninayesikika mpaka ng'ambo ya barabara nikimgombeza mtu, nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Nakuambia haikutoka.

Eveline aliniangalia usoni, akaangalia tairi, akaelewa. Akapita juu ya magunia kwa magoti, kitenge kikamdondoka kichwani, akapiga paa la kabini kwa viganja viwili, akaita kwa sauti ambayo nadhani hata Uyole waliisikia:

"Baba! Simama, baba! Tairi linatoka! Simama!"

Na mzee akasimama. Ah, yule mzee ni dereva. Hakukanyaga breki kwa pupa kama angefanya kijana. Alirudisha gia, akalielekeza gari kulia kwenye ukingo wa udongo wa mlima, akaliegemeza pale likajisugua, likasimama. Tairi la kushoto likalala upande kama mguu uliovunjika. Mafuta ya breki yakaanza kudondoka barabarani.

Nikashuka, nikakaa barabarani. Nikasema asante Mungu mara ngapi sijui.

Eveline naye alishuka, na ndipo nikaona ajabu. Alikuwa amejifunika kitenge mpaka puani, amegeukia mlimani, amepiga magoti. Alikuwa amemwita mkwe wake kwa kinywa chake. Mzee naye alitoka kwenye kabini, akatembea mpaka nyuma akaliona tairi. Halafu akageuka, akampa mgongo mkwewe, akaangalia bondeni. Watu wawili, mgongo kwa mgongo, hatua nne kati yao, na mimi nimekaa katikati.

"Fundi," Eveline akasema kwa sauti ndogo. "Mwambie anisamehe. Nimemwita."

Mzee alikuwa amesikia, si kiziwi. Lakini alisubiri. Nikasema, "Mzee, anasema umsamehe, amekuita."

"Mwambie hakuna cha kusamehe. Asingeniita, sasa hivi watu wangekuwa wanatutafuta mtoni."

Nikageuka. "Anasema hakuna cha kusamehe."

"Nimesikia," akasema Eveline. Akaanza kulia.

"Fundi, muulize ameijua lini hii kelele."

"Anauliza umeijua lini..."

"Mwambie tangu masika."

"Tangu ma... jamani! Mimi ni simu?" Hasira zilinirudia, na nikashukuru zilivyorudi, maana nilijua sasa niko hai. "Mzee, mkweo ameijua tangu masika, akamtuma mtoto, hukusikiliza. Akaja kwangu, nikamcheka. Na kosa si lako wala lake. Ni langu. Ile ringi niliirudisha ya zamani, siku za Jofrey. Nilijua haifai. Mara tatu umeniletea gari na mara tatu sikuangalia pale, halafu nikakuambia uza. Nisameheni wote wawili."

Aliyenijibu ni Eveline, na alijibu bila kugeuka.

"Fundi, mimi Jumanne nilimpandisha Gloria hapo ninapokaa. Alikuwa anakwenda kununuliwa viatu."

Nimetukanwa sana katika kazi hii. Nimeitwa mwizi, nimeitwa mlevi, kuna mtu amewahi kunirushia kikombe. Hakuna neno lililowahi kuniingia kama hilo la viatu.

Nilivua koti, nikaweka mawe kwenye matairi, nikapiga jeki. Shafti ilitoka yenyewe, haikuhitaji hata kuvutwa. Beringi ilikuwa imebaki vipande, na ringi ilikuwa inateleza kwenye shafti kama bangili kwenye mkono wa mtoto. Nikasimamisha bodaboda, nikapanda na shafti begani mpaka Mwanjelwa. Ahmadi wa duka la spea akaniona ninavyoingia, nimejaa grisi na nimetoa macho, akasema, "Obeid, umemuua nani?"

"Bado," nikamwambia. "Nipe beringi ya nyuma na sili yake, breki za upande mmoja na ringi mpya. Mpya, Ahmadi. Ukinipa ya zamani leo tutagombana."

Nikasimama mwenyewe kwenye mashine ya kukandamiza, nikaangalia ringi inavyoingia kwa kubanwa, polepole, mpaka ikakaa mahali pake. Nikamwambia mwenye mashine akandamize tena. Akasema imeshafika. Nikasema kandamiza tena. Akanionea huruma akakandamiza.

Nilirudi mlimani saa nane mchana. Ukungu ulikuwa umeondoka, jua linawaka. Mzee alikuwa amekaa kwenye jiwe mbele ya gari, Eveline kwenye gunia nyuma ya gari. Katikati, juu ya boneti, kulikuwa na viazi vya kuchemsha kwenye sahani iliyofunikwa. Alivichemsha Eveline kwenye nyumba iliyo jirani na barabara, akaviweka pale akaondoka, mzee akaja akala nusu, akafunika akaondoka. Walinibakizia vitatu. Nikafunga shafti, nikaweka breki mpya za upande ule, nikatoa upepo kwenye mafuta ya breki. Nikafungua na upande wa kulia pia. Huko ringi ilikuwa nzima, ya kiwandani. Nikaikagua mara mbili hata hivyo.

Tukateremka. Nilipanda nyuma tena, na safari hii nikalala kifudifudi katikati ya magunia, sikio nimelibana kwenye bodi. Nilisikia matairi kwenye lami. Nilisikia viazi vikisuguana. Kona ya kulia ikaja, nikafumba macho. Hakuna kitu. Kona nyingine, hakuna kitu. Nikaanza kucheka peke yangu pale chini, mtu mzima mwenye mvi, mavumbi ya viazi yananiingia mdomoni, nacheka. Eveline akaweka kiganja chake kwenye bodi, akakiacha pale muda mrefu.

"Imenyamaza," akasema.

"Imenyamaza, Mama Gloria."

"Ndaga fijo, fundi." Akanishukuru kwa Kinyakyusa, akajifuta macho. "Lakini sijasahau ulivyonicheka."

"Usisahau," nikamwambia. "Kabisa usisahau."

Tulifika sokoni Uyole jioni, wanunuzi wamepungua, lakini viazi vilitoka vyote kwa sababu Ijumaa wenye chipsi wanachukua mzigo wa wikendi. Vibarua wakashusha gunia la mwisho. Mimi nilikuwa nimeegemea bodi, nimechoka mpaka kwenye kope. Mzee alikuwa amesimama upande wa mlango wa dereva, Eveline kule nyuma akikunja magunia matupu. Simu ya mzee ikaita. Akaitoa mfukoni, akaiangalia, akaniangalia mimi.

"Ni Sifaeli wa Iringa," akasema. "Kesho alikuwa aondoke saa kumi alfajiri na lori lake."

Nikafungua mdomo niseme mzee usiuze, sasa gari ni zima. Akaninyamazisha kwa mkono. Simu ikaendelea kuita. Aligeuka akampa Eveline mgongo, kama desturi, akashika ukingo wa bodi. Nilidhani atanituma tena. Nikajiandaa.

"Mwanangu," akasema. Hakusema nami. Alisema kwa sauti ya juu kidogo, ipite juu ya bodi, imfikie aliye nyuma. Kule nyuma magunia yaliacha kukunjwa. "Huyu mtu wa Iringa anataka jibu. Tuuze?"

Sokoni kulikuwa na kelele za kila aina, redio, pikipiki, mtu anauza karoti. Mimi nilisikia simu ile tu, na nikamwona Eveline ameshika gunia tupu kifuani kwa mikono miwili. Miaka yote tangu aolewe, mzee yule hakuwahi kumuuliza neno.

"Tusiuze, baba," akasema.

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akabonyeza simu, akaiweka sikioni.

"Haloo, Sifaeli. Usije, bwana. Gari haliuzwi. Mwenyewe amekataa."

Sifaeli ana sauti kubwa, tulimsikia wote. "Mwenyewe? Mwenyewe nani tena, mzee? Si wewe?"

"Hapana," akasema Mzee Lusekelo. "Mimi ni dereva wake."